Hatua ya Mzee Lubunga

Jamani, leo nimeaibika mbele ya watu thelathini na ngoma tatu.

Kwa wasiojua ninafanya nini siku hizi: nipo Kampala, napanga uchezaji wa kundi moja la maigizo ya nyimbo na ngoma. Nani aingie wapi, ageuke lini, aruke vipi, hiyo ndiyo kazi yangu. Igizo letu ni la bibi harusi wa Kikongo anayeolewa Uganda, na likipata wafadhili litazunguka mikoani: Masaka, Mbarara, mwisho Kasese. Kasese! Ukisimama pale unaiona milima ya Kongo. Kwetu ni kusini zaidi, upande wa Uvira, lakini mtu aliyetoka nyumbani miaka ishirini na tatu iliyopita hachagui mlima. Nimeishi Mombasa, Nakuru, na sijawahi kurudi hata kwa macho. Hii safari niliitaka kuliko chakula.

Kazi yenyewe niliipata kwa mdomo. Kulikuwa na dada mmoja mwenye cheti cha densi. Mimi nina cheti cha sekondari na kumbukumbu. Madam Babirye, mkurugenzi wetu, akasema, "Wafadhili wanataka kitu ya asili."

"Asili ninayo," nikamwambia. "Ngoma ya kumpokea bibi harusi kijijini kwetu. Niliiona kwa macho yangu nikiwa na miaka saba."

Dada mwenye cheti akarudi kwao.

Hatua ni hivi. Mguu wa kulia unakanyaga kwa nguvu. Wa kushoto unaburutwa nyuma yake, taratibu, kama hautaki kwenda. Mkono mmoja umeshika nyonga. Uso unatazama juu, macho yamefumbwa, mdomo umepinda kidogo. Kisha wote kwa pamoja: "Yooo!" Aliyekuwa akiicheza vile ni Mzee Lubunga, na picha yake haijawahi kunitoka kichwani.

Nikawafundisha wachezaji kumi na wawili kwa wiki sita, katika ukumbi tuliokodi Kabalagala. Okello ndiye alinisumbua. Ni mtoto wa mwanajeshi, amekulia kambini Mbuya, na huniita afande (kwake kila anayepiga kelele ni afande).

"Afande, hii nyonga inaniuma."

"Asili inauma, Okello. Buruta."

Leo mchana wageni watatu wa mfuko wa sanaa walikuja kutuangalia na kuamua. Madam alikuwa ameniomba nilete na mtu mzima wa kwetu, akae mbele, wageni wamwone. Nikamleta Mama Furaha, anayeuza sombe, kisamvu cha kwetu, na dagaa sokoni Kalerwe. Amezaliwa kijiji kimoja na mimi, kanizidi miaka kumi na kitu. Hakuwahi kuiona kazi yangu. Nilitaka anione. (Kiburi, ndiyo. Endeleeni kusoma.)

Wakacheza. Banange, walicheza! Watu kumi na wawili wanaburuta mguu mmoja kama mtu mmoja. Mgeni mwenye shanga kubwa shingoni akafuta machozi. Mama Furaha naye alikuwa ameinama, kitenge mdomoni, mabega yanatetemeka. Yule mgeni akampa kitambaa cha karatasi.

Ngoma ziliponyamaza, mgeni akauliza, "Huo mguu unaoburutwa una maana gani?"

Nikasimama. Nikaweka mikono nyuma kama profesa. "Ni uzito wa kuondoka nyumbani. Mguu mmoja umeshafika kwa mume, mwingine bado uko kwa mama."

Haya maneno niliyatunga palepale, na hata mimi yalinisisimua. Mgeni akaandika ukurasa mzima. Mtu mwenye akili angeketi.

"Na shahidi wangu huyu hapa!" nikasema. "Mama Furaha, waambie."

Mama Furaha akatoa kitenge mdomoni. Hakuwa analia.

"Weye mutoto ya Eliya," akaniita kwa jina la baba, "ile mutu uliangaliaka ni Mzee Lubunga?"

"Ndiyo! Aliyekuwa anaongoza!"

"Anaongoza wapi? Alikuwa wa nyuma kabisa, na batoto! Alianguka ku muchikichi, mguu ikavunjika, ikaunga mubaya. Hakukuwa anacheza. Alikuwa anajaribu kufika!"

Mgeni, kalamu bado mkononi, akauliza kwa upole, "Na mkono kwenye nyonga?"

"Maumivu."

"Na uso kutazama juu?"

"Maumivu."

"Na ile 'Yooo'?" Huyo alikuwa Okello.

Mama Furaha akamtazama kwa huruma. "Mutoto yangu, weye unazani ni nini?"

Okello akanigeukia. "Afande. Wiki sita?"

Wachezaji wote kumi na wawili wakanyoosha migongo kwa wakati mmoja. Tangu tuanze mazoezi hawajawahi kupatana vizuri hivyo. Kisha kicheko. Madam alicheka ameshika ukuta.

Mama Furaha akavua ndala, akakaza kitenge, akacheza. Hatua ndogondogo, nyepesi, mabega yanaongea. Mpiga ngoma akamfuata bila kuambiwa. Na hapo ikanirudia ngoma yote, pamoja na mama yangu akiwa mstari wa mbele. Nilimsahau kwa sababu wale wa mbele walikwenda haraka. Mzee Lubunga ndiye pekee ambaye mtoto wa miaka saba aliweza kumfuata.

Nilipopangusa macho, wachezaji wangu wote walikuwa wamepanga mstari nyuma ya Mama Furaha. Nikaenda kujifungia chooni.

Baada ya muda Madam akagonga. "Mwalimu, toka. Wageni wamekubali. Safari iko, mpaka Kasese."

"Na mimi?"

"Mama Furaha ndiye atafundisha ngoma. Lakini yule wa shanga ameomba tubaki na mzee mmoja wa kuburuta mguu, nyuma ya harusi. Anasema alimgusa."

"Nani atamcheza?"

"Nimeuliza wote. Wamekataa. Okello amekataa mara mbili." Akagonga tena. "Ssebo, wewe umefanyia mazoezi hiyo kitu miaka thelathini na tano."

Nikakubali mlango ukiwa bado umefungwa, kabla hajabadili mawazo.

Basi Kasese naenda, nikichechemea. Wenye kicheko wamalizane nacho leo hii, maana kule nitadai makofi.