Likizo ya Kuthibitisha Umuhimu

Mwaka wa 1972 ilitangazwa rasmi kwamba taifa changa haliwezi kujengwa na watu wanaougua mgongo. Kila afisa aliyetimiza miaka hamsini alitakiwa kuchagua: astaafu mapema kwa heshima, au aendelee hadi hamsini na mitano, mradi athibitishe kwamba bila yeye kazi husimama. Tangazo hilo lilitungwa na Bwana Mbarak, mkuu wa Idara ya Idhini na Mihuri, mwenye miaka hamsini na mmoja, ambaye wakati wa kulitunga alikuwa akiwafikiria watu wengine.

Bwana Mbarak hakuongozwa na moyo. Aliamini ushahidi. Akachukua likizo ya majuma mawili ili idara iporomoke kwa utaratibu, kisha arudi na uthibitisho.

Asubuhi ya kwanza nyumbani kwake, mtaa wa Satellite, aliketi barazani akatamka kwa sauti ya ofisini, "Kuku hawa wapatiwe maji."

"Na nani?" akauliza mkewe, Salme.

"Na anayehusika."

"Hapa hapana tarishi, bwana. Anayehusika ni yule aliyewaona wana kiu. Ndoo ile pale."

Akateka. Akatumwa madukani mjini, River Road, kununua wavu wa banda, akaubeba begani mwenyewe, akafika nao wa kipimo sicho, akarudishwa. Likizo ilipokwisha alikuwa ametambua mambo mawili: kwamba kustaafu ni kazi, na kwamba yeye haiwezi. Sasa ilikuwa lazima idara iwe imekufa.

Jumatatu akawahi mjini. Foleni iliyozoea kulizunguka jengo haikuwapo. Akafurahi: wananchi wamekata tamaa.

"Hapana, mzee," akasema karani wake, Nakhumicha. "Wote wamehudumiwa. Hata wale wa mwaka juzi."

"Kwa idhini ya nani?"

"Tulikuwa tunangoja yako. Hukuwako, tukaacha kungoja."

Mbarak akaketi. Ushahidi ni ushahidi, hata ukikukanyaga. Akavuta karatasi akaanza kuandika barua ya kustaafu.

Nakhumicha akachungulia, akatoka mbio, akarudi na makarani wote. Joash, ambaye hakuwahi kumsalimu bila kukumbushwa, alikuwa karibu kulia.

"Mzee, usituache! Sisi wenyewe tutaandikia wakubwa, tuseme bila wewe hapa kazi inasimama!"

"Kumbe mnanithamini hivyo?"

"Sana, mzee! Wewe unaweza kuongezewa likizo. Lakini ukistaafu, wataleta mkuu mwingine." Joash akashusha sauti. "Na huyo anaweza kuwa mtu wa kuja kazini kila siku."

Mbarak akaipima hoja hiyo kila upande. Haikuwa na kasoro, na hilo ndilo lililomuuma. Akaichana barua, akatia sahihi ya kuendelea na utumishi. Makarani wakapiga makofi, na Nakhumicha, kwa heshima zote, akamkabidhi kofia yake akamfungulia mlango.