Simu ya Nabalayo Iko Mfukoni Mwangu

Jumatatu, 8 Juni

Nimeinyakua simu ya binti yangu Nabalayo. Sitaki kusikia lolote! Msichana yuko kidato cha tatu, anataka kuwa injinia, na kutwa kucha ameikodolea simu macho. Mama yake, Phelister, anamtetea. Eti mwalimu wao, Madam Lydiah, hutuma kazi ya Hisabati kwenye kundi la darasa. Uongo mtupu. Sisi tulisoma kwa chaki. Kesho naenda nayo kazini, huko reli. Jirani yetu Omolo amemnunulia Elsie wake simu kubwa, anatamba nayo mtaa mzima wa Mbotela. Ngoja tuone nani atafeli.

Jumanne, 9 Juni

Nimelifungua lile kundi ili niwanase wahuni. Hakuna wahuni, kuna hesabu za logi tupu. Elsie alikuwa anamwomba Naba msaada, maana binti yangu ndiye kichwa cha darasa: log 2 ukijumlisha na log 3 unapata nini? Damu ilinichemka. Mtoto wa Omolo hajui mbili na tatu? Nikamjibu log 5. Wote wakashukuru. Mmoja akaandika kwamba Naba ni mnoma.

Hapo ndipo wazo likanijia. Mimi nifanye kazi za simu, Nabalayo asome vitabu. Nikajibu maswali yote kwa jina lake, nikamtumia Madam. Bosi alipita akadhani nahesabu mabehewa.

Alhamisi, 11 Juni

Nimeitwa shuleni. Hasira tupu! Darasa zima limeandika log 5, na wote wamemtaja Nabalayo. Madam anasema jibu ni log 6, eti logi zikijumlishwa namba huzidishwa. Nani aliamua hivyo? Halafu alama hizo ndizo zinazochagua wa kuendelea na Fizikia, na Nabalayo ana sufuri. Bila Fizikia hakuna uinjinia.

Nikamgombeza mtoto pale pale, maana mzazi asiyegombeza mbele ya mwalimu huonekana mlegevu. Nabalayo akasema hajaigusa simu tangu Jumatatu. Madam akapiga namba yake. Ikalia mfukoni mwangu.

Jumamosi, 13 Juni

Madam amempa Nabalayo nafasi moja tu ya kurudia kazi, mradi nirudishe simu. Nimeirudisha jana. Phelister hanipakulii chakula, najipakulia mwenyewe. Nabalayo alilia hadi kwikwi ikamshika, akaniomba nisimsaidie tena. Iliniuma sana. Mtoto analia hivyo kwa sababu ya mwalimu mmoja mkaidi!

Asubuhi hii ameenda mazoezi ya kwaya, simu akaiacha kwenye chaji. Kazi ya marudio ikaingia. Nikaichungulia tu. Maskini, maswali ni magumu, na mtoto ana mawazo tele. Nimeshayajibu na kumtumia Madam. Safari hii nimezidisha kila kitu.