Kagongwa Nzima, Anayeelewa Filamu ni Mimi

Jumatano, 2 Julai 2025

Nimefukuzwa kwenye banda la video la Mama Lusia. Tena mchana kweupe, mbele ya watu! Kosa langu? Kusema kweli. Filamu ya vita. Jamaa kapigwa risasi nne, bado anakimbia huku kambeba mwenzake mgongoni. Nikasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mimi juzi nilijidunga sindano ya cherehani kidoleni na nikalala siku mbili. Suruali ya Mwalimu Clemens niliyokuwa nashona mpaka leo haijaisha. Watu wakaguna. Mama Lusia akazima televisheni, akaniambia Baba Evelina toka, maoni yako kampe mkeo.

Mke wangu amekataa kuyapokea.

Alhamisi, 3 Julai

Nimekwenda kuomba radhi. Shikamoo ya kuinama, na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Mama Lusia akaitikia marahaba, akapokea michembe, msimamo ukabaki palepale. Basi nikamwaga mpango wangu. Ng'ambo ya barabara Bujiku naye kafungua banda, na watu wanamhamia. Sabasaba inakuja, mavuno yameisha, kila mtu ana nafasi. Tushindane naye kama Bagika na Bagalu, vyama vyetu viwili vya ngoma! Saa kumi kamili jioni watu wahesabiwe, mwenye umati ndiye bingwa. Mimi nishike kipaza sauti, nitafsiri filamu. Tukishinda, kazi ya kutafsiri iwe yangu, pamoja na kiti cha kando ya feni. Kiti kile! Nimekitamani tangu mwaka juzi.

Akafikiri sana. Akasema sawa, ila tukishindwa nisikanyage kwake mpaka Krismasi.

Krismasi! Nitakufa.

Ijumaa, 4 Julai

Siku nzima nachagua filamu kwenye simu ya mke wangu. Ya kutisha: mzimu unasumbua familia saa mbili nzima, na hakuna hata mmoja anayeuuliza unataka nini. Kwetu ungeshapewa pombe na mbuzi, ukalala zako. Ya mapigano: wabaya ishirini wanasubiri kupigwa mmoja mmoja, kama wako foleni ya kliniki. Adabu nzuri, vita hakuna. Ya wachimba dhahabu: mtu anatoka shimoni na shati jeupe! Nikawakumbuka shemeji zangu walioko Geita, nikaizima.

Ya mapenzi: kijana na binti wanakumbatiana kwenye mvua, wanaoana, basi. Ng'ombe hakutajwa hata mmoja! Nimekasirika mpaka nikasimama. Mke wangu akasema hiyohiyo, maana hata yeye imemuuma.

Nimeichagua.

Jumapili, 6 Julai

Baada ya misa nimetangaza mpaka koo limekauka. Bujiku akapita akicheka. Akasema yeye ana filamu yenye helikopta saba. Nikamjibu kuwa helikopta haina ukoo. Akauliza maana yake nini. Hata mimi sikujua, lakini nilisema kwa uzito, akaondoka na mawazo.

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba

Furaha! Majonzi! Nianze na furaha. Saa tisa na nusu tulikuwa na watu sabini na mmoja. Bujiku, hamsini na wanane. Kijana wa kwenye filamu akapiga goti na pete yake, mimi nikatafsiri kwamba anauliza baba mkwe anataka ng'ombe wangapi. Mayo wane, mama yangu! Banda likalipuka. Mzee Mabula wa mstari wa mbele akasema binti anayeendesha gari mwenyewe hatoki chini ya thelathini. Akina mama wenye watoto wa kiume wakapinga, wakasema kumi na wawili wanatosha, maana tangu filamu ianze hajaonekana jikoni. Banda likagawanyika, upande wa binti na upande wa kijana. Mama Lusia mwenyewe akawa upande wa binti, anapiga meza! Sijawahi kuwa na furaha kama ile, hata siku ya harusi yangu.

Saa kumi kasorobo upande wa binti ukashuka mpaka ishirini na sita. Hapo mimi, kama mtu anayejua mila, nikaagiza upande wa kijana utoke nje ukanong'one kwanza, kisha urudi na jibu. Ndiyo desturi. Wakatoka, watu thelathini na tisa. Nje jua kali. Kivuli kipo barazani kwa Bujiku tu.

Saa kumi ikagonga.

Mwalimu Clemens, aliyekubaliwa na pande zote kuhesabu, akahesabu. Kwetu, thelathini na wawili. Kwa Bujiku, tisini na saba. Nikapiga kelele kwamba wale ni wajumbe wetu, wananong'ona tu! Akasema mtu huhesabiwa alipo. Naona suruali bado inamuuma.

Saa kumi na dakika kumi wajumbe wakarudi na jibu, ng'ombe ishirini na watatu. Upande wa binti ukakubali. Vigelegele! Ngoma! Mama Lusia akacheza nasi mpaka akatoka jasho. Kisha akakumbuka, akaninyang'anya kipaza sauti.

Jumanne, 8 Julai

Mke wangu anasema somo ni dogo tu, filamu hutazamwa kwa macho na mdomo hufungwa. Nimekubali. Nimetafakari asubuhi nzima na kosa nimeliona. Ningewatoa nje upande wa binti, walikuwa wachache.

Bujiku kaja mwenyewe kunishukuru kwa wageni. Akanialika kwake, kwa sharti moja, ukimya. Nimeapa mbele ya mke wangu. Saa nane nikakaa. Kijana wa kwenye filamu yuko mlimani miaka ishirini anajifunza mapigo ili alipize kisasi cha baba yake. Nikanyamaza. Nikanyamaza tena. Kisha nikamuuliza jirani, kwa kunong'ona tu, miaka yote hiyo mama yake nani anamlimia? Jirani akamuuliza wa pembeni yake. Saa nane na nusu akina mama watatu walikuwa wamesimama, wanamgombeza kijana kwenye televisheni aende nyumbani.

Sasa ni saa tisa, niko kwenye cherehani. Nimesikia Isaka kuna banda jipya, nitakwenda kesho. Wanasema watu wa kule hutazama kimya kabisa. Maskini, hawana mtu wa kuwaeleza.