Sera ya Kuitana Majina

Mheshimiwa Mgeni Rasmi kutoka Makao Makuu ya kampuni yetu, inayonunua karoti hapa Lushoto na kuajiri watu katika nchi kumi na mbili, waheshimiwa wachungaji na mashehe, wafanyakazi wenzangu, na wewe dereva wetu Timotheo, ambaye nyumbani ni baba mkwe wangu lakini hapa, kwa mujibu wa sera, ni Timotheo tu. (Minong'ono. Mtu anaguna.)

Mimi, Heri, Meneja Rasilimali Watu, mwanamikakati na bingwa wa semina zenye chai na maandazi, nina heshima iliyotukuka kuwafahamisha kwamba Programu ya Kugawana Maarifa imefanikiwa kwa asilimia mia moja na nne, hizo nne za ziada zikitokana na juhudi zangu binafsi. (Makofi, meza kuu.) Makao Makuu walielekeza kwamba ili maarifa yatiririke, wote tuitane kwa jina la kwanza, bila shikamoo, bila mzee wala mama, kwa kuwa heshima inaziba mifereji ya sinajia, yaani nguvu ya pamoja. Nami, kwa utiifu wa kimkakati, nikawa wa kwanza kutekeleza, nikasimama kikaoni nikasema, "Timotheo, hebu tugawie uzoefu wako wa kushuka na mzigo hadi Mombo bila breki kushika moto."

Timotheo akaitazama kofia yake, akasema, "Maarifa yangu nimeyasahau garini, meneja." Tangu hapo hakuna aliyemfundisha mwenzake hata kufunga mlango, kwani vijana hawathubutu kuwaita wazee majina na wazee wakiitwa hawaitiki, nami katika taarifa nikaandika kwamba mazingira ya kazi ni tulivu. (Kicheko. Mgeni Rasmi anauliza wanacheka nini.)

Aidha, mke wangu Yusta alipopata fidibaki hiyo, kwamba nimemwita baba yake jina mbele za watu, alifungasha nguo akarudi kwao Mlalo. Nilipompigia simu alisema, "Ukishamwamkia baba, mbele ya watu wale wale, njoo unichukue." Mkakati mbadala wa kujifulia soksi bado uko katika hatua ya upembuzi yakinifu. Namkumbuka sana, na sentensi hii haimo katika hotuba iliyoidhinishwa.

Maarifa! (Yagawanwe!) Sinajia! (Idumu!) Jina la kwanza! (Kimya.)

Kwa hayo machache, namshukuru Mgeni Rasmi, ambaye akivuta pazia hili kuzindua Kituo chetu cha Maarifa atakuta banda la mbegu za viazi, maana Kituo hakijajengwa, Programu haijawahi kuwa na mwanafunzi hata mmoja, na kiti changu nadhani kinapata mtu mwingine kesho. Na zaidi ya wote nakushukuru wewe. Shikamoo, baba.

(Mzee Timotheo anavaa kofia yake: "Marahaba, mkwe. Shuka hapo twende Mlalo. Hayo ya breki nitakueleza njiani.")