Mbio za Kuutafuta Ubao wa Mzee Thạnh

Jumatatu, 4 Machi

Habari njema! Hoạch, muuza kahawa wa mwanzoni mwa kichochoro chetu, kaninong'oneza kwamba mwonjaji wa ile orodha kubwa ya mahali pa kula Saigon atakuwa mtaani kwetu wiki hii. Hajitambulishi. Anakula, analipa, anaondoka, na baada ya siku chache jiji zima linajua nani anapika na nani anachafua sufuria tu. Orodha ina safu mbili: ya chini ni ya sisi wa stuli za plastiki, ya juu ni ya wale wa vitambaa vya meza.

Imekuja wakati wake. Jumapili ni kumbukumbu ya mwaka wa tatu tangu Mzee Thạnh, baba mkwe wangu, afariki. Siku hiyo Mama mkwe atautoa ule ubao ulio chini ya kitanda chake. Ubao wenye jina la mzee, uliokaa juu ya jiko lake miaka arobaini. Mabinti wawili, ubao mmoja. Mimi na mke wangu Thắm tunauza wali wa chenga na nyama ya nguruwe ya kuchoma upande wa kulia wa kichochoro. Shemeji Diệu, dada mkubwa wa Thắm, mjane, anauza wali wa chenga na nyama ya nguruwe ya kuchoma upande wa kushoto. Kati yetu hatua nne. Mama kasema amechoka kuona majiko mawili yakikodoleana macho. Atakayepewa ubao ataendelea. Atakayekosa atafute chakula kingine cha kupika.

Nipike kingine, mimi? Miaka sita nimevuta moshi wa ule mkaa. Siachi.

Mpango ni mwepesi. Nimnase mwonjaji kabla ya Jumapili, aseme neno moja jema mbele ya Mama, na ubao ni wangu. Thắm kauliza kwa nini nisichome nyama vizuri tu, basi. Mwanamke huyu hana maono.

Jumanne, 5 Machi

Nimemwona! Saa tano asubuhi, mwanamume wa makamo, peke yake, miwani, daftari. Anaonja, anatazama juu, anaandika. Nikamwongezea yai. Anaandika. Nikamwongezea kipande cha nyama. Anaandika tena, anatikisa kichwa, anafuta. Nikaleta sahani ya pili bila kuombwa, na ya tatu, nikasimama nyuma yake na feni ya mkono nikimpepea kama bwana harusi.

Mwishowe kanionyesha daftari, kaniomba ushauri. Alikuwa anachagua namba za bahati nasibu. Kauliza mke wangu kazaliwa lini, maana mkono wangu unaonekana wa heri. Kaondoka ameshiba mpaka anapumua kwa mdomo.

Shemeji Diệu aliona yote. Akaniita kutoka ng'ambo, mbele za watu: "Shemeji, na mimi nina daftari, nije?"

Nilimjibu kwa vitendo. Niligeuza feni kubwa nyuma ya jiko ili moshi wa nyama yangu, wenye mchaichai na asali, uende kichochoroni kuwavuta wapita njia. Uliwavuta kweli. Walikuja wakinusa, wakafika, wakakuta upande wangu hauonekani kwa moshi, wakakaa kwa Diệu ambako kuna hewa. Harufu yangu, wali wake. Kauza mpaka sufuria imelia.

Kanitumia bakuli la supu la shukrani. Nimelikataa. Baadaye nimelinywa, lakini kwa hasira.

Jumatano, 6 Machi

Siku mbaya. Naiandika kama ilivyokuwa, sina la kuficha.

Saa kumi na mbili asubuhi. Ndiyo kwanza nimepanga stuli. Mteja wa kwanza wa siku: mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kofia ya pikipiki ya kijani. Kauliza bei. Kachungulia nyama. Kauliza mchele unatoka wapi. Halafu, bila kununua hata punje, kageuka akaondoka.

Mteja wa kwanza! Kila mfanyabiashara wa mji huu anajua maana yake. Wa kwanza akinunua, siku inafunguka. Wa kwanza akiuliza bei na kuondoka, amekuachia kisirani chake mlangoni, na dawa ni moja tu. Nikachukua gazeti, nikaliwasha, nikapunga moto juu ya kizingiti, juu ya stuli, juu ya sahani, juu ya alama za viatu vyake, nikisema kwa sauti ili kisirani chenyewe kisikie: mwenye nyota nyepesi akae, mwenye nyota nzito aende zake, aende na asirudi!

Nikainua macho. Alikuwa amerudi. Alienda tu kuiegesha pikipiki kivulini.

Tulitazamana. Gazeti likaniunguza vidole. Sikulitupa, maana kulitupa ingekuwa kama kukiri kosa. Nikamwambia ni mbu. Akasema mbu wa Machi kweli ni wasumbufu, akavuka kichochoro. Diệu alishamwekea stuli, ameshaipangusa, anamwambia, "Karibu mdogo wangu, leo umenifungulia siku, nyota yako ni nyepesi hiyo!" Nakwambia, shajara, hata kabla hajakaa!

Alikula taratibu. Akatoa daftari. Hoạch akaja mbio na kopo lake la kahawa kuniambia ndiye. Ndiye mwonjaji. Anaitwa Uyên. Nikakaa juu ya sanduku la barafu mpaka suruali ikalowa.

Thắm kasema nivuke nikaombe radhi. Nimekataa. Mtu anayeuliza bei saa kumi na mbili asubuhi na kugeuka mgongo amejitakia moto mwenyewe.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeamka na jibu. Safu ya chini imenifungia mlango. Sawa. Safu ya juu ipo!

Ghorofani tuna sebule. Haina kazi ila kuwekea madhabahu ya mababu na mashine ya kufulia. Kuanzia kesho ni mgahawa wa hadhi. Jina lake: Nyumba ya Punje. Meza moja. Kitambaa cha meza ni shuka letu la harusi, lililokunjwa mara mbili kuficha doa. Wali uleule wa chenga, lakini ninaufinyanga kwa kikombe cha chai unasimama kama mnara. Nyama ileile, lakini vipande saba vyembamba kiasi cha kusoma gazeti kupitia kwavyo, na jani moja. Bei mara kumi. Wakubwa hawaamini kitu cha bei rahisi.

Nimempa Hoạch kadi ya mwaliko ampelekee Uyên, maana anakunywa kahawa kwake kila alasiri. Nimeandika kwa mkono wangu kwamba mwenye nyumba anamkaribisha, na kwamba mbu wamekwisha.

Thắm kauliza kama nimemwomba Mama ruhusa. Mama anakaa chumba cha pili ghorofani. Nimemwambia mambo mazuri hayaombewi ruhusa. Kaenda kuanika nguo.

Ijumaa, 8 Machi

Kaja! Kasema alitaka kumwona tena mtu wa gazeti. Mtego umeshika.

Leo ni Siku ya Wanawake, na jiji zima limejaa maua. Nikanunua shada la yungiyungi, nikaliweka mezani kwa Uyên. Hadhi. Nikamvutia kiti. Nikamwekea mnara wa wali na vipande saba.

Kasoro ya kwanza ilikuwa picha ya Mzee Thạnh. Iko juu ya madhabahu, usawa wa meza, na marehemu ana jicho la mtu anayesubiri ueleze ulichofanya. Uyên akawa anakula kwa adabu kama yuko kwenye mtihani. Kasoro ya pili, mashine ya kufulia ilianza kukamua nguo. Kasoro ya tatu, vipande saba viliisha kwa dakika mbili, akauliza kwa upole kama kuna kingine. Nikamwambia kwamba katika mikahawa ya juu njaa ni sehemu ya mlo.

Hapo ndipo Mama alipotoka chumbani na vijiti vyake vya udi.

Hakunitazama. Akawasha udi, akamsujudia mumewe mara tatu, akageuka, akaitazama sahani. Akamuuliza Uyên ni mtoto wa nani na kwao ni wapi. Kasema Bến Tre. Akamuuliza kama ameshiba. Uyên akanitazama mimi, halafu marehemu, akasema ukweli. Mama akasema, "Mwanangu, huyu mkwe wangu ana maradhi ya kufikiri. Jumapili tunamkumbuka mume wangu. Njoo ule chakula."

Kisha Thắm akapanda ngazi, akaona maua. Akauliza leo ni siku ya nani. Nikajaribu kueleza habari ya uwekezaji. Akachukua shada lote na maji yake, akateremka, akavuka kichochoro, akampa dada yake.

Hakuna neno. Bado nina Jumapili.

Jumapili, 10 Machi

Kumbukumbu. Meza zilipangwa kutoka mlango wetu hadi wa Diệu, na kichochoro kizima kikaja. Thắm na Diệu walipika pamoja tangu alfajiri: nyama na mayai iliyochemshwa kwa maji ya madafu mpaka ikawa rangi ya chai, supu ya karela iliyoshindiliwa nyama, samaki wa kukaanga. Kwanza sinia likapelekwa juu kwa mzee. Udi ulipokwisha kuungua, likateremshwa, tukala. Mimi nilikatazwa kugusa chochote. Nilikuwa na mapendekezo matatu.

Uyên alikuja na mfuko wa matunda, kama mgeni aliyefunzwa. Nikakaa ubavuni pake. Nikamweleza falsafa ya Nyumba ya Punje. Akaniomba nimsogezee bakuli la mayai. Nikamsogezea, nikaendelea. Akaniomba tena. Alikula mayai manne, Mama anamjazia, na sikumsikia akisema neno hata moja la kitaalamu.

Kisha Mama akauleta ubao.

Aliufuta kwa kitambaa cha kichwani mwake, akawaita mabinti zake wote wawili, akauweka mikononi mwao. Kasema amewaangalia asubuhi hii kwenye jiko moja na hajaona sababu ya majiko mawili. Ubao utakaa upande wa Diệu. Thắm atavuka kuanzia kesho. Upande wetu utakuwa wa kuwekea pikipiki za wateja.

Nikauliza, na mimi je? Akasema, "Pikipiki zinahitaji mtu, baba." Watu wakacheka. Diệu hakucheka, namshukuru kwa hilo.

Imeniuma. Naandika humu kwa sababu hakuna mwingine wa kusoma. Mzee Thạnh alikula wali wangu kila siku kwa miaka mitatu kabla hajafa, na hakuwahi kusema ni mzuri wala mbaya. Alikula, akaweka vijiti, akaondoka. Niliutaka ule ubao ili nijue angesema nini.

Lakini sijashindwa. Nimewekwa pembeni tu, na pembeni ndiko mtu anakopata nafasi ya kujipanga.

Alhamisi, 14 Machi

Orodha imetoka. Hoạch kaisoma kwa sauti, amesimama juu ya stuli. Safu ya chini, nambari ya nne: wali wa chenga wa Mzee Thạnh, wa dada wawili. Kichochoro kilipiga makofi. Thắm alijifuta macho kwa aproni akasema ni vitunguu.

Safu ya juu: Nyumba ya Punje haimo. Woga wa wakosoaji.

Ila mwisho kabisa, chini ya safu zote, Uyên kaandika aya moja. Kwamba mlo bora aliokula katika jiji hili haumo kwenye orodha, kwa sababu hauuzwi. Ulikuwa wa kumbukumbu ya marehemu, kwenye nyumba ya watu, na atakayealikwa mlo wa namna hiyo asikatae. Hakutaja jina. Mama aliomba asomewe mara mbili, halafu akaenda juu kumwambia mumewe.

Thắm kaongea nami vizuri kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Kanishika mkono. Kasema tumepata zaidi ya tulichostahili, nitosheke. Nimesema nimetosheka. Nilikuwa namaanisha, mpaka chakula cha jioni.

Ijumaa, 15 Machi

Nalinda pikipiki. Asubuhi moja, watu saba wameniuliza: ule mlo wa kumbukumbu unapatikana wapi? Saba! Wameniuliza mimi, si Diệu, maana mlinda pikipiki ndiye mtu wa kwanza kuulizwa. Mama hakufikiria hilo.

Mlo usiouzwa. Basi je, ukiuzwa? Sebule ipo. Shuka limefuliwa. Madhabahu ni ya kweli, marehemu ni wa kweli, jicho lake sasa ni mali.

Tatizo ni moja. Kumbukumbu ni mara moja kwa mwaka, na mimi nataka kufungua kila siku. Ukoo wetu una wafu kumi na mmoja wenye tarehe zinazojulikana, yaani siku kumi na moja za kufungua. Upande wa marehemu mume wa Diệu wako tisa, ingawa wawili walikufa siku moja, hasara tupu. Hoạch kanipa marehemu bibi yake kwa sharti la kuwekewa kiti. Nimegonga kila mlango wa kichochoro na daftari mkononi. Watu wengine ni wachoyo wa wafu wao, sikujua.

Mwezi wa tano bado uko mtupu kabisa. Alasiri nimempelekea uji Mzee Phụng wa nyumba ya mwisho, anayeumwa kifua, nikamuuliza kwa adabu zote kama ana mwezi anaoupendelea. Kanirushia bakuli.

Nimemwandika mwezi wa tano, kwa penseli.