Mhudumu wa Tatu

Jumatatu, 4 Machi
Mimi nikiugua siku mbili, hospitali hii inafungwa. Miaka ishirini na miwili nasukuma machela, kutoka wodini hadi chumba cha upasuaji. Mawaziri nimewasukuma. Jenerali mmoja alinishika mkono akasema mimi ndiye niliyefaa kuongoza jeshi. (Alikuwa ameshadungwa sindano ya usingizi, lakini jenerali ni jenerali.)

Leo mpwa wangu, binti wa dada yangu, muuguzi, kaanza utafiti wa wiki moja wa shahada yake ya uzamili: uongozi na usimamizi wa huduma za afya. Anatupima wahudumu watatu wa machela. Asipofaulu, anarudia mwaka mzima, na cheo cha muuguzi mkuu anapewa mwingine. Kaniomba: Mjomba, tafadhali, fanya kazi kama kawaida yako. Majina yetu, kasema, ni siri. Nimemwonea huruma. Mtu kama mimi anafichikaje?

Jumanne, 5 Machi
Nimechungulia daftari lake. Mhudumu wa Kwanza, tisa. Wa Pili, kumi na moja. Wa Tatu, yaani mimi, arobaini na moja!

Wa Kwanza ni Kifaru, yule bwana anayekimbiza machela kama anafukuzwa na nyuki. Nimemwambia mbele ya watu kwamba tisa ni aibu, hata mtoto wa chekechea hupata zaidi. Kaniuliza tisa ya nini. Maskini.

Jumatano, 6 Machi
Nimeamua kufika sitini. Mzee mmoja wa kupasuliwa ngiri nimempitisha kwa dobi, jikoni, hadi stoo, nikimsimulia nilivyomfunga chatu kwa mkanda wa suruali. Nimechungulia tena daftari: sitini na tatu! Daktari wa upasuaji kanifokea hadi barakoa ikamshuka. Mpwa wangu naye kaninong'oneza kwa hasira: Mjomba, hizo ni dakika!

Nimemjibu kwamba nilijua tangu mwanzo. Nilikuwa namjaribu.

Alhamisi, 7 Machi
Mbio! Hakuna chatu, hakuna salamu. Daftari likaandika dakika sita. Kifaru kabaki mdomo wazi. Bahati mbaya kwenye kona ya kuingilia chumba cha upasuaji palikuwa na ndoo ya deki, nikaigonga. Mama wa watu hakuumia, ila presha ilipanda, upasuaji ukaahirishwa, akarudishwa wodini.

Mpwa wangu hakunifokea. Alikaa tu kwenye ngazi, daftari mapajani. Afadhali angenifokea.

Ijumaa, 8 Machi
Mpwa wangu anatetea utafiti wake mbele ya walimu wake. Nilialikwa? Hapana. Niliingia na jagi la maji.

Profesa kauliza: huyu Mhudumu wa Tatu anachelewesha kila mtu, mbona basi wagonjwa wake hawarudishwi kwa presha kama wa wenzake, isipokuwa huyo wa jana? Mpwa wangu akapekua daftari mbele na nyuma. Nikaona anazama. Nikasema ndiye mimi! Nikaeleza: mgonjwa akifika kona ile huanza kutetemeka. Nasimama. Namletea hadithi ya chatu. Akicheka, tunaendelea. Jana sikusimama.

Mpwa wangu akadakia hapo hapo: basi hadithi zisimuliwe wodini, kabla machela haijatoka! Profesa akaandika muda mrefu. Wamempitisha. Binti kanikumbatia, kisha kanifinya.

Jumatatu, 11 Machi
Nusu ya shahada ile ni yangu. Nimewaeleza hivyo wafagizi, mfamasia na wagonjwa wawili. Kifaru ananiita Chatu. Wivu huo.

Mpwa wangu kaanzisha fomu mpya: niandike saa mgonjwa anapotoka wodini na saa anapofika. Kauliza kama saa yangu ya mkononi iko sawa. Nimemwambia hii ni saa ya marubani, haijawahi kukosea. Nimejaza fomu kumi na mbili, mwandiko wa kifalme.

Ila nikiri, maana humu hasomi mtu: saa hii ilikufa mwaka juzi. Naivaa kwa kuwa inang'aa. Na kumwuliza Kifaru saa ngapi? Thubutu! Kwa hiyo leo wagonjwa wote kumi na wawili wametoka wodini saa nne kasoro dakika kumi, na wote wamefika saa nne kasoro dakika kumi.