Tanuru la Kumrudisha Irja

Jumatatu, 4 Novemba
Theluji imeanza. Tanuru la chumba cha chini, linalopasha nyumba nzima joto, limekata roho asubuhi. Afadhali! Mke wangu Irja yuko Arizona kwa dada yake tangu Machi. Alisema nyumba hii imemchosha. Baridi, nini kingine? Nitaweka tanuru kubwa kuliko la jirani Reino, Irja arudi kabla ya Krismasi. Nimemkumbuka mno. Kikombe chake hata kukiosha sijakiosha.

Jumanne, 5 Novemba
Fundi, Bi Lahti, kapima kuta, madirisha, dari. Eti nyumba ni kuukuu lakini imejazwa sufu ya kuzuia baridi vizuri mno, tanuru dogo linatosha. Balaa! Sufu hiyo niliijaza mwenyewe huko darini, kiangazi kizima, Irja akinywa kahawa peke yake huko chini. Nikamdanganya fundi kwamba imeliwa na panya. Nikafungua dirisha la jikoni kisirisiri. Akalifunga bila hata kunitazama. Akasema mzee wangu, tanuru likizidi nyumba litawaka na kuzima, kuwaka na kuzima, na joto halitatulia. Reino, ambaye hakuna aliyemwita, akacheka kwamba dogo ndilo saizi yangu. Ah! Hapo ndipo aliponimaliza.

Ijumaa, 8 Novemba
Tanuru kubwa limefungwa! Bi Lahti alikataa, nikampata muuzaji asiye na maswali. Ni mara mbili ya lile la Reino. Linanguruma dakika tatu, linazima. Natoka jasho, navua shati. Natetemeka, navaa koti. Linanguruma tena. Sahani za Irja zinagongana kabatini.

Jumapili, 10 Novemba
Nimempigia Irja. Nikaiweka simu kwenye tundu la ukutani linalotoa joto asikie mngurumo. Akasema haikuwa baridi iliyomwondoa, Wilho. Kiangazi alinisikia darini nikigonga, kipupwe akanisikia chumba cha chini nikigonga, na mezani hakukuwa na mtu. Akauliza kama nimekula. Sauti yake hiyo! Nilitaka kumwambia rudi, nakufa kwa upweke. Nikamtajia bei ya tanuru.
Akacheka kidogo. Akasema atakuja tarehe ishirini Desemba, ajaribu wiki moja. Hataki kitu. Anataka tukae mezani tu, tunywe kahawa.

Jumatatu, 11 Novemba
Anakuja! Nimelia mpaka miwani ikalowa. Meza, basi! Nimeelewa kabisa. Nikaenda kuikagua. Loo, chini yake kunapita kibaridi! Nimeanza kung'oa sakafu ya jikoni nipitishe bomba la joto hapo hapo kwenye miguu yake. Reino anasema sitamaliza kabla ya Pasaka. Wivu tu.
Meza nimeitoa nje kwenye theluji, isinizuie kazi.